Kijana wa miaka 16 anataka kujitoa chini ya mamlaka ya wazazi: njia za kisheria zilizopo Kigoma na Tabora, zikiwekwa bega kwa bega

Swali huja kwa maneno mengi lakini maana yake ni moja: "Sijafika miaka 18, naweza kujitoa kisheria chini ya mamlaka ya wazazi wangu?" Anayelitafutia jibu mtandaoni hukutana na sheria za watu wengine. Katika jimbo la California, Marekani, mtoto wa kuanzia miaka 14 anayeishi mbali na wazazi kwa ridhaa yao na anayejiendesha kwa fedha zake halali anaweza kuiomba mahakama imtangaze kuwa anajitegemea. Ufaransa nayo ina utaratibu unaofanana kuanzia miaka 16, ingawa huko wanaoomba kwa kawaida ni wazazi, si mtoto.

Tanzania Bara hakuna ombi hilo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na hakuna hakimu wa Kasulu, Kibondo, Urambo wala Nzega mwenye uwezo wa kumtangaza kijana wa miaka 16 kuwa mtu mzima. Anayekuambia atakuandikia "hati ya kujitenga" kwa malipo anakuibia.

Kinachowezekana ni kubadilisha jambo mojamoja: unaishi na nani, nani analipa, nani anakusimamia mahakamani, nani anatunza mali uliyoachiwa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, litaje tatizo kwa sentensi moja. "Baba hatoi chochote tangu aoe tena" ni tatizo la matunzo. "Napigwa mpaka nashindwa kwenda shule" ni la usalama. "Nataka kukaa kwa bibi karibu na sekondari" ni la makazi tu, na halihitaji mahakama. Mtu akiyachanganya yote katika lalamiko moja, ofisi ya kwanza humrudisha nyumbani na barua ya usuluhishi, miezi inapita.

Jambo la pili la kushika mapema: kuhama nyumba hakumfutii mzazi wajibu wake. Chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu vinabaki kuwa deni lake mpaka mtoto afikishe miaka 18, hata mtoto akiwa analala kwa shangazi. Ndiyo maana tunapinga kabisa ile tabia ya kumfanya kijana asaini karatasi kwamba "sina madai tena kwa wazazi wangu". Karatasi hiyo haimpi uhuru wowote, ila inampa mzazi kisingizio.

Njia zenyewe kwa mtazamo mmoja

| Njia | Inafaa wakati gani | Nani anaamua | Mzazi anabaki na nini | Udhaifu wake |
|---|---|---|---|---|
| Makubaliano ya ukoo | Hakuna hatari, mahali pa kuishi tu | Familia, mbele ya mtendaji na afisa ustawi wa jamii | Kila kitu, isipokuwa malezi ya kila siku | Mzazi anaweza kugeuka |
| Amri ya matunzo | Mzazi ana uwezo, hatoi | Mahakama ya Watoto | Wajibu wa kulipa | Kumpata na kumlipisha |
| Amri ya kukaa na ndugu | Mzazi anamvuta mtoto huku na huku, au hafai | Mahakama ya Watoto | Matunzo, na kumtembelea mtoto | Inahitaji ushahidi na subira |
| Amri ya malezi au ya usimamizi | Kipigo, ukatili, kutelekezwa | Mahakama, kwa ombi la afisa ustawi | Kidogo, kwa muda | Mtoto anaweza kupelekwa mbali |
| Kazi | Kuongeza kipato tu | Sheria za kazi na za mtoto | Kila kitu | Inaweza kuua matunzo |
| Ndoa | Haimfai mtoto | – | – | Soma chini |

Kuasili, yaani kumfanya mtoto wa wengine kuwa wako kisheria, hatukukuweka kwenye jedwali kwa makusudi. Shauri lake ni la Mahakama Kuu, linakata uhusiano wa kisheria na wazazi wa kuzaliwa na kuunda mwingine mpya. Kwa kijana wa miaka 16 mwenye wazazi hai ni nyundo ya kuulia nzi. Malezi ya kambo, yaani mtoto kulelewa kwa muda na familia isiyo yake, nayo humfaa zaidi mtoto asiye na ndugu wa kumpokea, na huanzia kwa afisa ustawi wa jamii.

Makubaliano ya ukoo: mlango mwepesi, ukiandikwa vizuri

Mikoa hii miwili imejaa watoto waliolelewa kwa bibi, kwa mjomba au kwa baba mdogo, na wengi wamekua vizuri. Sheria inalijua hilo: wazazi wote wawili wakiwa wamefariki, jukumu la malezi linaweza kupita kwa ndugu kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Wazazi wakiwa hai, maandishi ya familia yanasaidia kuliko watu wanavyodhani, mradi yasiwe ya jumlajumla.

Kinachoharibu karatasi nyingi ni sentensi moja: "Nimemkabidhi mtoto kwa dada yangu." Basi. Haisemi mpaka lini, nani ananunua sare, nani anasaini fomu hospitalini. Linganisha na hii:

"Mimi, baba mzazi wa mtoto (majina matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na tarehe ya kuzaliwa), nimeridhia akae kwa shangazi yake kuanzia Januari hadi amalize kidato cha nne. Shangazi atatoa chakula na malazi. Mimi nitatoa magunia 2 ya mahindi kila mavuno, sare jozi 2 kila Januari, na nauli ya kwenda na kurudi likizo ya Juni na ya Desemba. Shangazi ana ruhusa ya kusaini fomu za shule na kumpeleka hospitali. Mtoto hatafanya kazi za kuajiriwa siku za shule. Tutakutana kwa mtendaji kila baada ya miezi 6."

Andikeni nakala 4: ya mzazi, ya anayempokea, ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na ya afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya. Kila ukurasa usainiwe, mhuri upigwe juu ya saini si pembeni, na mtoto mwenyewe aulizwe na asaini. Haki ya kutoa maoni ni yake kisheria. Aulizwe akiwa peke yake kwanza, maana mbele ya baba na wajomba watano, kijana wa miaka 15 atasema "sawa" kwa kila kitu.

Ubaya wa njia hii ni kwamba mzazi akibadili mawazo, karatasi haimzuii kuja kumchukua mtoto. Inabaki kuwa ushahidi mzuri tu. Na kuna watoto wanaogeuzwa wafanyakazi wa ndani kwa jina la kulelewa: wanaamka saa kumi usiku, shule wanakwenda siku 2 kwa wiki, wanakula mwisho. Kile kikao cha kila miezi 6 kimewekwa kwa ajili hiyo, na kisipofanyika, afisa ustawi aambiwe.

Matunzo: hapa ndipo wengi wanapotakiwa kuanzia

Vijana wengi wanaosema wanataka kujitoa, ukiwasikiliza vizuri, wanataka ada ndogondogo za shule, viatu na chakula cha uhakika. Kinachowafanya wadai uhuru ni umaskini wa nyumba moja wakati nyumba ya pili ya baba huyohuyo ina pikipiki mpya. Dawa yake ni amri ya matunzo.

Ombi linaweza kuletwa na mzazi mwenzie, mlezi, ndugu anayekaa na mtoto, au afisa ustawi wa jamii. Mtoto mwenyewe anaweza pia, ila kupitia mtu mzima anayeitwa rafiki wa karibu. Jina la mtoto ndilo linaloandikwa kama mdai, naye rafiki wa karibu anasimama badala yake. Mchague ambaye hana maslahi yanayogongana na ya mtoto. Mjomba anayedaiana na baba shamba hafai, wakili wa upande wa pili atalitumia hilo siku ya kwanza.

Bebeni vitu hivi: cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki kama cheti bado, barua ya mtendaji inayoeleza mtoto anaishi wapi na na nani, barua ya shule, na orodha ya mahitaji. Majina yapatane kwenye karatasi zote. Mtoto anayeitwa jina moja kliniki, jingine shuleni na la tatu kwenye cheti cha ubatizo hukaa miezi akitafuta hati ya kiapo.

Orodha ya mahitaji ndiyo inayofanya au kuvunja shauri. Usiandike "gharama za shule". Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili wa kutwa, orodha inayosomeka huwa hivi: madaftari makubwa 9, moja kwa kila somo, kalamu 6, sare jozi 2, sweta 1, viatu jozi 1, soksi jozi 3, mchango wa chakula cha mchana kwa mwezi, sabuni vipande 4 kwa mwezi, taulo za kike pakiti 2 kwa mwezi kama ni msichana, mafuta ya taa au chaji ya taa ya kusomea, bima au gharama ya matibabu. Mbele ya kila kitu weka bei ya duka la hapohapo, pigia hesabu ya mwaka, kisha gawanya kwa 12. Elimu ya msingi na sekondari ya serikali haina ada, hivyo ukiandika "ada" wakati mtoto yuko shule ya kata, hakimu atashuku na mistari mingine yote.

Mahakama huangalia kipato na mali ya mzazi, wategemezi wengine alio nao, na gharama za maisha za eneo. Hapa kuna kosa linalojirudia mno katika mikoa hii: kuomba kiasi cha kila mwezi kwa mtu ambaye kipato chake hakiji kila mwezi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge hupata fedha masoko yakifunguliwa, kupitia chama chake cha msingi cha ushirika. Ukimwekea kulipa kila tarehe 5, Novemba atakuwa na deni na hoja ya kweli kwamba hana kitu. Omba sehemu kubwa ilipwe kwa mkupuo baada ya mauzo, na sehemu ndogo ya chakula ije kwa magunia wakati wa mavuno.

Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika ana kalenda yake pia. Anavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa, na mitumbwi hupumzika. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Amri inayosema "kila baada ya giza" au inayohesabu miezi ya ziwa kufungwa inatekelezeka kuliko ile ya mshahara wa ofisini. Mweleze hakimu hayo mwenyewe, asije akadhani unambembelezea baba.

Ugumu mwingine ni kumfikishia baba wito wa mahakama. Baba amehamia machimbo ya Geita au Chunya, au yuko mwalo (kituo cha wavuvi) usiojulikana. Mahakama haiwezi kupeleka wito "machimboni". Tafuta jina la mwalo, jina la mwenyekiti wa mtaa, chama cha msingi anachouzia, namba ya simu inayopatikana. Mashauri mengi yanayokufa, yanakufia hapa.

Amri ya matunzo hukoma mtoto akifikisha miaka 18, au akipata ajira ya kumtosheleza kabla ya hapo. Kama bado anasoma au yuko mafunzoni, mahakama inaweza kuiendeleza baada ya 18, na ombi hilo kijana mwenyewe anaweza kulileta. Aliye kidato cha tano au chuo cha ufundi asisubiri amri ife ndipo aombe.

Kukaa na ndugu kwa amri ya mahakama

Tofauti na makubaliano ya ukoo ni moja: mzazi hawezi kuja alfajiri akamchukua mtoto. Ndugu anayemlea mtoto anaweza kuomba Mahakama ya Watoto impe haki ya kukaa naye. Mahakama hiyo mara nyingi hukaa kwenye jengo la mahakama zilizopo, mbele ya hakimu mkazi. Shauri husikilizwa faragha, afisa ustawi akiwepo, bila makelele ya mahakama ya kawaida.

Hakimu hupima umri na jinsia ya mtoto, maoni yake kama yametoka moyoni mwake na si ya kulishwa, faida ya ndugu wa tumbo moja kukaa pamoja, na faida ya kutomng'oa pale alipozoea. Kwa mtoto chini ya miaka 7 sheria ya ndoa huanza na dhana kwamba mama ndiye anayefaa, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Kwa kijana wa miaka 16 maoni yake yana uzito mkubwa. Basi shangazi anayemlisha kijana maneno ya kusema anamharibia: hakimu na afisa ustawi wanayasikia maneno ya mtu mzima katika kinywa cha mtoto kila wiki, wanayatambua.

Usianze kwa kumficha mtoto. Ndugu anayemchukua kwa nia njema bila kumwambia mtu, mzazi akiripoti, anaweza kujikuta polisi akijieleza. Siku hiyohiyo mtoto anapofika, mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji apewe taarifa ya maandishi.

Kukiwa na hatari, acha ngazi zote hizo

Kipigo, kulawitiwa, kubakwa, kunyimwa chakula, kufungiwa, au maandalizi ya ndoa: hapa hakuna kikao cha ukoo. Vikao hivi ndivyo vinavyomaliza kesi kwa mbuzi mmoja na mtoto anarudishwa kulekule. Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kama kuna jeraha, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ichukuliwe haraka, na kama ni ukatili wa kingono, hospitali ifikiwe ndani ya saa 72 kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU haifanyi kazi baada ya hapo. Nguo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu nailoni hutunza unyevu na unyevu huharibu ushahidi. Kituo kikiwa mbali, hospitali kwanza, PF3 itafuata.

Afisa ustawi wa jamii ndiye anayeomba amri. Ziko mbili, na watu huzichanganya. Amri ya usimamizi humwacha mtoto nyumbani, afisa akifuatilia, na hufaa pale mzazi anapoweza kurekebishika. Amri ya malezi humtoa mtoto nyumbani na kumweka kwa ndugu anayefaa, kwa mlezi wa kuaminika au makao yaliyokubaliwa, na haizidi miaka 3 au mtoto kufikisha 18, lolote litakalotangulia. Kati ya mambo yote yaliyopo kwenye sheria zetu, amri ya malezi ndiyo inayokaribiana zaidi na kile kijana anachokiita kujitoa. Lakini izingatie: uamuzi unahamia kwa mamlaka, hauhamii kwa kijana. Na makao yanaweza kuwa mbali na shule yake. Kama kuna ndugu mwema wa kumpokea, mtaje kwa afisa mapema, kwa jina na kijiji, kabla mapendekezo hayajaandikwa.

Kila anayejua haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa. Mwalimu, jirani na kondakta wa treni aliyemwona mtoto peke yake kwenye stesheni ya Tabora saa sita usiku, wote wamo. Mzazi anayevunja haki hizo za msingi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili, mbali na makosa makubwa ya jinai ambayo yana adhabu zake.

Mtoto aliye kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma bila wazazi analindwa na sheria hiyohiyo ya mtoto. Kwake mlango wa kwanza ni ofisi ya ulinzi wa mtoto ndani ya kambi.

Kazi: uhuru unaoonekana rahisi

Umri wa kuanza kazi ni miaka 14, na ni kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala kumzuia shule. Kazi za hatari ni marufuku mpaka 18. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, nayo ni marufuku kwa mtoto.

Sasa weka hayo juu ya kazi zenye fedha mikoani humu. Dagaa huvuliwa usiku, na ziwani. Tumbaku ni dawa za kunyunyizia, mizigo na mabani ya kukaushia. Na anayechuma majani yakiwa na umande hunywesha ngozi yake nikotini, akapata kizunguzungu na kutapika siku nzima. Machimbo yamefungwa kwa mtoto kabisa. Zile kazi ambazo kipato chake kingetosha kupanga chumba ndizo hasa ambazo sheria imemfungia, na imemfungia kwa sababu zinaua. Kinachobaki, kama kuuza matunda baada ya shule, kusaidia dukani au kufuga nyuki na mzazi, kinanunua daftari, hakilipi kodi ya nyumba. Mshahara wa kazi halali ni wa mtoto mwenyewe, hilo lisisahaulike.

Hata akiwa na hela, mkataba unamgomea. Mwenye nyumba hawezi kumbana kisheria mpangaji wa miaka 16 kwa mkataba wake, hivyo mwenye akili atadai mtu mzima asaini. Laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi, na pesa iliyo kwenye laini hiyo, mzazi akienda dukani kwa wakala na alama zake za vidole, inaweza kuhama. Kijana anayeweka akiba afanye hivyo kwa mtu mzima anayemwamini, kwa daftari lenye saini za wote wawili kila anapoweka.

Na lile la matunzo: ajira ya kumtosheleza ni sababu ya amri kukoma. Kijana wa miaka 17 anayeacha shule kwa kibarua cha msimu anaweza kupoteza matunzo ya mwaka kwa hela ya miezi 3.

Ndoa haimkomboi mtu

Wapo wazazi, na wapo wasichana, wanaoiona ndoa kama njia ya kutoka. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi aliipinga, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019: vifungu hivyo vinavunja Katiba, umri uwe 18 kwa wote. Kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumpa mimba, ni kifungo cha miaka 30 kwa sheria ya elimu kama ilivyorekebishwa 2016. Anayesaidia, awe mshenga au mzazi aliyepokea mahari, naye ana adhabu yake.

Na uhuru wenyewe uko wapi? Msichana huyo bado hapati kadi ya NIDA (kitambulisho cha taifa), hapigi kura, na amehama kutoka mamlaka ya baba kwenda ya mume. Aliyepata mtoto akiwa shuleni ana njia bora zaidi: tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule, na baba wa mtoto wake anadaiwa matunzo kama mwingine yeyote.

Yatima wenye mali

Hawa hawahitaji kujitoa kwa mtu, wanahitaji hesabu. Baba amefariki, baba mdogo ameteuliwa msimamizi wa mirathi mahakama ya mwanzo, na mwaka wa tatu unapita nyumba inapangishwa bila mtoto kuona shilingi. Msimamizi anatakiwa ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe awasilishe Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, na baadaye Fomu Na. 6, hesabu ya mgawanyo. Mahakama inaweza kuongeza muda, lakini haiwezi kusahau.

Kwa hiyo usianze na kelele kwenye matanga. Nenda kwa karani wa mahakama ukiwa na jina la marehemu, uliza namba ya jalada la mirathi, uliza kama fomu hizo mbili zimo. Kama hazimo, mtu mzima mmoja, shangazi au mwalimu, aandike barua kwa hakimu akiomba msimamizi aitwe kutoa hesabu. Barua ya ukurasa mmoja yenye namba ya jalada hufanya kazi kuliko vikao vinne. Kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake ni kuvunja haki yake kisheria. Kama fomu zimo lakini mali fulani haimo, leta ushahidi wa mali hiyo: hati ya kimila ya ardhi, risiti za kodi ya pango, majina ya wapangaji.

Aliyebakiza miezi 6 kufika 18

Huyu kwa kawaida tunamshauri asifungue shauri la makazi. Mahakama ikimaliza kusikiliza, atakuwa mtu mzima. Atumie muda huo kukusanya karatasi, kwa sababu nyingi ziko kwenye sanduku la mzazi na baada ya ugomvi hazitoki. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Kama hakipo, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cheti cha darasa la saba vya kuombea kipya. Vyeti vya vifo vya wazazi kama ni yatima, maana bodi ya mikopo ya elimu ya juu huvitaka vikiwa vimehakikiwa. Nakala ya kitambulisho cha mzazi mmoja, kwa ajili ya NIDA. Kadi ya matibabu. Vyote vipigwe picha, nakala iachwe kwa mwalimu au kwa ndugu.

Siku ya kutimiza 18, kabla ya kutafuta chumba, aende NIDA. Bila namba ile hatasajili laini kwa jina lake, na bila laini mshahara wake wa kwanza utaingia kwenye simu ya mtu mwingine.